Kufufua MGB Lubumbashi: kipi kibaki cha kiwandani, kipi kibadilishwe

MGB ni gari la michezo lililotoka kiwandani Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Haina shasi ya pekee: bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo kinachoiua ni kutu, na moteri inafuata nyuma.

Kanuni ya kazi hii ni moja. Ukitaka kuongeza kitu cha kisasa, kifunge kwenye matundu yaliyokuwepo, kiwe cha kung'olewa bila kukata tole (bati la bodi). Kilichotoka kisafishe, kipake oili, kiwekee lebo na ukihifadhi.

Hatua ya 1: Kufungua

Piga picha kabla ya kugusa nati yoyote. Bolti nyingi ni za inchi, zenye uzi mwembamba uitwao UNF, kwa hiyo tafuta funguo za 7/16, 1/2 na 9/16. Hapa ndipo magari mengi huharibiwa. Bolti ya 5/16 ina upana wa milimita 7.94, ya M8 ina 8. Kwa macho ni mapacha. M8 itaingia mizunguko miwili, itakaza, na fundi mwenye haraka ataongeza nguvu. Lakini hatua ya uzi wa M8 ni milimita 1.25, ya UNF ni 1.06 tu; tundu linakatika humo humo. Kila bolti irudi tunduni mwake, na inayokosekana iagizwe.

Hatua ya 2: Bodi

Toboa-toboa kwa bisibisi chini ya milango. Pale kuna tabaka kadhaa za tole, na maji yakiingia hula kutoka ndani. Rangi inaweza kung'aa huku ndani pamebaki unga mwekundu. Mastiki hapo haikubaliki: hiyo ndiyo nguvu ya gari.

1. Weka gari kwenye stendi nne, mbili chini ya eksele ya nyuma, mbili chini ya boriti ya mbele. Usiliinue kwa katikati.
2. Pima nafasi kati ya mlango na bodi, juu na chini, uandike. Milimita 4 hadi 5 ni sawa.
3. Kama ni la wazi, lisilo na paa la chuma, funga bomba la mraba la milimita 25 kuvuka uwazi wa mlango, toka bawaba hadi kitasa. Bila hilo gari linapinda ukishakata. Nafasi ya juu ikianza kujibana, katikati kumeshuka: simama.
4. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili.
5. Tumia tole la milimita 1 hadi 1.2 na mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.8. Posti ya vijiti hutoboa tole jembamba hivi. Toboa matundu ya milimita 6 kila baada ya milimita 30, uyajaze kwa mchomo.

Umeme wetu hushuka ghafla, na mchomo uliofanywa wakati huo huonekana mzuri ilhali haujashika. Jaribu kwanza kwenye vipande viwili vya tole, kisha uvibandue kwa koleo. Mchomo mzuri hung'oka na nyama ya tole, ukaacha shimo. Ukibanduka safi, subiri umeme utulie au washa jenereta.

Usizibe njia za kutolea maji zilizo chini. Kuna pia bomba la mpira linaloshusha maji kutoka kwenye sanduku la hewa lililo mbele ya kioo. Maua ya jakaranda yakiliziba, mvua za Novemba zitaishia miguuni mwa abiria.

Hatua ya 3: Moteri

Ina sentimita za ujazo 1798. Ukifungua silinda hedi, weka viti vigumu kwenye vali za moshi, kwa sababu esansi (petroli) ya siku hizi haina madini ya risasi. Kaza nati kwa mpangilio, Nm 61 hadi 68.

Kabureta mbili za aina ya SU zibaki, na masanduku ya filta ya asili yenye karatasi yabaki pia. Filta nyembamba za sponji zinapendeza, lakini vumbi letu la kiangazi hupita na kula silinda.

Moteri ikitetemeka ikiwa sailensi (ikizunguka bila kukanyagwa), puliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha za ekseli za kipepeo, kile kibati kinachofungua njia ya hewa ndani ya kabureta. Sauti ikibadilika, hewa inaingia. Mpe fundi wa kukereza aweke bushi.

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mchanganyiko huwa na esansi nyingi. Inua pistoni ya kabureta kwa milimita 0.8. Moteri ikikimbia na kubaki juu, pandisha nati iliyo chini ya kabureta kwa upande mmoja wa pembe sita, ujaribu tena. Kurekebisha kuzuri ni ikipanda kidogo, ikatulia. Buji (plagi za moto) ni BP6ES, nafasi milimita 0.63.

Hatua ya 4: Umeme

Magari ya kabla ya mwisho wa 1967 yana chanya kwenye bodi. Redio ya kisasa ikigusa bodi, waya zinaungua. Kubadili: geuza nyaya za bateri na za koili, kisha ung'oe nyaya za dinamo na uguse kituo chake F kwa waya kutoka bateri, mara moja tu. Kipima mizunguko cha zamani kinahitaji kubadilishwa ndani.

Taa za mbele hazina fyuzi, na umeme wake wote hupita kwenye swichi. Ongeza relei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme) na fyuzi zake. Hakuna atakayeziona, na swichi ya asili itadumu.

Hatua ya 5: Breki

Badilisha mabomba yote na mipira yote. Mji wetu ni wa shaba, lakini bomba la shaba la friji halifai breki. Nunua la shaba na nikeli, la inchi 3/16. Maji ya breki ni DOT 4.

Hatua ya 6: Kujaribu

Usianze na barabara ya Likasi. Zunguka mjini kilomita 50, acha moteri ipoe usiku kucha, kaza tena nati za silinda hedi. Baadhi yake ndizo zinazoshika nguzo za roka, mikono inayosukuma vali, kwa hiyo nafasi za vali zitakuwa zimehama: zirudishe kwenye milimita 0.38 moteri ikiwa baridi.