Somo: Boti ya besi ya mtumba, namna ya kujua kama bei ni ya haki au unapigwa (wa Texas hasa)

Wakuu, naandika hili mara moja halafu nitakuwa natuma linki tu. Kila mwaka besi, wale samaki tunaowafuata na boti hizi, wakianza kusogea maji ya kina kifupi kuzaa, inbox yangu inajaa picha za boti zinametameta na swali lile lile, "kaka hii bei vipi?" Bei siwezi kukwambia kwa picha. Picha inaonyesha rangi, na rangi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye boti.

Kwa wageni: naongelea zile boti ndefu bapa za faiba, futi 17 mpaka 21, mbele jukwaa la kusimama na mota ndogo ya umeme, nyuma imebeba injini ya farasi 150 mpaka 250. Mpya ya futi 21 inapita dola 80,000 kirahisi ndio maana wote tunakimbilia mtumba. Na msimamo wangu ni huu, unanunua injini na ukuta wa nyuma, hivyo vingine vyote umeongezewa. Skrini za kutafutia samaki, redio, viti vipya, muuzaji atavipigia hesabu kwa bei aliyonunulia dukani. Wewe usimfuate huko.

Hatua ya 1. Pata bei ya kuanzia. J.D. Power (zamani NADA) wana bei za boti mtandaoni bure, unaweka kampuni, mwaka na modeli. Za kwenye matangazo ni bei watu wanazoomba, sio walizolipwa.

Hatua ya 2. Namba ya bodi. Iko nyuma upande wa kulia, tarakimu na herufi 12. Nne za mwisho ndio umri: ikiishia G112, G ni mwezi wa saba, 1 ni mwaka 2011, 12 ni modeli ya 2012. Ilinganishe na taito (hati ya umiliki) herufi kwa herufi.

Hatua ya 3. Taito. Texas boti ina taito yake na injini ina taito yake, zote mbili zinatoka Texas Parks and Wildlife (idara ya jimbo), na trela ni karatasi nyingine kabisa ya ofisi ya kodi ya kaunti. Uzito wa jumla wa trela ukizidi pauni 4,000 lazima nayo iwe na taito. Mtu akikwambia "ya injini imepotea lakini hamna shida", shida ipo, aitafute kwanza ndio mwongee.

Hatua ya 4. Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye injini. Ya moto? Muulize kwa nini, maana injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi ikishapashwa inakuwa na adabu kabisa.

Hatua ya 5. Kompresheni (nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda), silinda zote. Geji inauzwa duka lolote la spea za gari. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 10. Akikataa usipime, ageuke upande wake na wewe upande wako.

Hatua ya 6. Legeza skrubu ya chini ya oili ya gia, tone moja linatosha. Ya rangi ya maziwa ina maji. Chembe za chuma ni gia zinasagana.

Hatua ya 7. UKUTA WA NYUMA. Hapa someni taratibu, maana ndipo pesa yangu ilipozama. Ule ukuta injini inapofungwa, kwenye boti nyingi za zamani ndani yake ni plywood imevikwa faiba pande zote. Faiba haiozi, mbao inaoza, na maji yanaingilia kwenye vitundu vya skrubu, hasa zile za sensa ya skrini ambazo mtu alitoboa mwenyewe nyumbani akasahau kupaka silanti (gundi ya kuzuia maji). Nje utaona jelikoti (ngozi ya juu ya faiba) inang'aa na ndani ni uji mtupu. Ya kwangu ya kwanza niliikagua kwa macho nikaridhika, baadae fundi anafungua boliti moja ya injini yakachuruzika maji meusi, na kuujenga upya sio kazi ya kiraka, injini inashushwa, sitaha inakatwa, mbao inachimbwa yote, ni dola elfu kadhaa na boti inakaa kwa fundi msimu mzima.

Sasa fanyeni hivi. Injini iinuliwe nusu, shika mguu wake kule chini kwenye bamba lililo juu ya propela, tia uzito wako uunyanyue na kuushusha, mwenzako awe ameinama anatazama juu ya ukuta. Boti nzima itikisike na injini kwa pamoja. Ukiona ukuta unapinda wenyewe, au mwanya unafunguka na kufumba pale injini inapokutana na faiba, umemaliza, rudi nyumbani. Kama kuna lile bamba la kupandishia injini katikati tofautisha, mchezo wa bamba ni boliti, mchezo wa ukuta ni kaburi la pesa. Halafu gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia pembeni mpaka katikati, sauti iwe kavu mahali pote, ikigeuka bubu sehemu moja hapo pameoza. Angalia pembe mbili za juu kama kuna nyufa, angalia chini ya boliti kama kuna michirizi ya kutu.

TAHADHARI: silanti mpya nyeupe kwenye boliti peke yake wakati kwingine kote ni ya zamani, mtu kaficha kitu. Na muuzaji akisema "zote zinacheza kidogo", hazichezi.

Hatua ya 8. Majini. Bila kuiingiza majini usitoe hata senti. Vaa kamba ya kuzima injini, ni sheria ya nchi nzima tangu Aprili 2021 kwa boti za chini ya futi 26, na hizi zinakimbia maili 70 kwa saa hivyo acheni ubishi. Kanyaga mpaka mwisho na usome mizunguko, kitabu cha injini kinasema inatakiwa ifike wapi. Isipofika, propela sio yake au injini imechoka au boti imenywa maji. Ukirudi fungua milango ya nyuma uone ngama (chini kabisa ya boti) ina maji kiasi gani.

Hatua ya 9. Trela. Shika vitovu vya magurudumu baada ya safari, kimoja kikiunguza mkono ni beringi. Tairi zisome tarehe, 2318 ni wiki ya 23 mwaka 2018, za trela zinakufa kwa uzee hata kama hazijawa vipara.

Hatua ya 10. Toa. Mfano anataka 19,500 na bei ya soko ya iliyo nzima ni 18,000. Betri nne zimekufa, 1,000. Tairi nne, 600. Pampu ya maji ya injini na sevisi, 500. Mwisho wako ni 15,900 na unaanzia chini ya hapo, ukiwa na pesa taslimu. Usianze kumkandia boti yake mbele ya mkewe, mpe karatasi yenye hesabu unyamaze.

MASWALI

Kijana wa Plano: Kaka somo zuri sana ubarikiwe. Kuna boti ya Skeeter ya 2006 hapa wanataka 14k, nichukue?

Jibu: Somo zuri lakini hujalisoma. Hatua ya 5, 7 na 8.

Kijana wa Plano: Iko poa tu bro haina mikwaruzo

Jibu: Mikwaruzo sijaiuliza.

Mama Pacha: Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu tunaangalia moja yenye injini ya Mercury OptiMax 225 (ya mipigo miwili), kompresheni tumepima zote zinakaribiana lakini zote ni za chini kuliko tulivyosoma mtandaoni. Hiyo maana yake nini, na kuna kitu kompresheni haionyeshi?

Jibu: Marahaba dada, swali kama hili ndio linanifanya nisifute akaunti. Kwanza hakikisheni mlipima sawasawa: plagi zote nje, betri imejaa, kaba imefunguliwa mpaka mwisho, umeme wa plagi umekatwa. Betri dhaifu inashusha silinda zote kwa pamoja, na geji za bei ya chini zinadanganya, kwa hiyo kwanza rudieni kwa geji nyingine. Zikibaki chini zote, basi injini imechakaa kwa usawa. Kompresheni haikuonyeshi beringi za ndani wala sindano za mafuta. Kwa OptiMax nendeni kwa fundi wa Mercury achomeke kompyuta, itawaambia masaa iliyofanya kazi na mangapi ilikuwa inakimbizwa mpaka mwisho, mtu anasema "nilikuwa naenda nayo polepole na watoto" kompyuta inasema vingine. Na plagi zipangeni kwenye ubao kwa mpangilio wa silinda. Moja ikiwa safi kupita zote msifurahi, huenda maji yanaingia humo yanaiosha. Bei pia ipo upande wenu, tangu Mercury walete V6 na V8 za mipigo minne 2018 wanunuzi wengi wanazikwepa za mipigo miwili, ila nzima ni injini nzuri sana.

Mama Pacha: Asante sana, tunarudi na geji ya jirani.

Mzee wa Houston: Unatisha watu bure. Mimi nilinunua yangu sikupima chochote na mpaka leo inaenda.

Jibu: Hongera mzee. Bahati yako siwezi kuifundisha humu.

Mzee wa Houston: Nasema tu.

Jibu: Na mimi nasema tu. Aliyenunua ukuta mbovu haji humu kujisifu ndio maana humsikii.

Dereva wa Reefer: Niongeze kitu wakuu, mimi niko barabarani muda wote. Boti ikiwa imenywa maji ndani ya povu la chini ya sakafu huwezi kuona kwa macho, ipitisheni mizani ya malori ya CAT pale truck stop. Pimeni gari na trela, mkaache trela, pimeni gari peke yake, mtoe.

Jibu: Kaka hii ni dhahabu. Chukueni uzito wa bodi wa kiwandani, ongezeni injini (V6 ni kama pauni 500), trela, betri, na petroli kama pauni 6 kwa galoni. Ikizidi kwa mamia ya pauni na hamna mizigo ndani, ni maji, na hayakauki kwa kuiweka juani.

Mwana wa Kisumu: Nataka kununua moja nitume nyumbani Ziwa Victoria, unashauri kampuni gani?

Jibu: Hakuna. Hizi zina kingo fupi, zimetengenezwa kwa maji ya bwawa, mawimbi ya Victoria mchana yataingia ndani kama umekaribisha. Naivasha ingeleta maana zaidi, besi wenyewe walipandwa pale tangu miaka ya 1920. Na spea za farasi 225 utazipata wapi? Nyumbani peleka injini ndogo ya Yamaha ambayo kila fundi wa mwaloni anaijua.

Kuli wa Irving: Injini za Evinrude E-TEC mbona bei imeshuka hivi, ni mbovu?

Jibu: Sio mbovu, BRP, kampuni yenyewe, waliacha kuzitengeneza 2020. Kama una fundi anayezijua karibu nawe inaweza kuwa dili, ila unapokuja kuuza na wewe utapigwa bei hiyo hiyo. Weka kwenye hesabu.

Dereva wa Reefer: Na ukienda majaribio usisahau nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji).

Jibu: Kweli. Wengi wanaichomoa boti ikiwa uani ili maji ya mvua yatoke, halafu wote wawili mnadhani mwenzako ameirudisha. Nunua ya akiba, ni dola chache, ifunge kwenye funguo. Maswali ya "hii bei vipi" bila kompresheni sijibu tena.