Somo: Kuandika riwaya ya mapenzi ya mtu anayejifunza kuamini tena

Rasimu nyingi mnazoniletea zinafanana. Mwanamke ameachwa, sura ya nne anakutana na kijana mpole, sura ya tano ameshapona. Msomaji aliyewahi kutendwa anafunga kitabu hapo hapo, maana anajua haiendi hivyo. Riwaya yenyewe imo katika zile sura mnazoziruka. Tuijenge pamoja kwa mfano mmoja: Manka, muuza nguo za mitumba soko la Memorial, Moshi.

Hatua ya kwanza: jua hasa kilichovunjika

Kusema "aliumizwa" hakutoshi. Manka alikuwa na mchumba, Fredi, anayefanya kazi Dar es Salaam. Kila alipoulizwa, barua ya posa ilikuwa njiani. Mara baba mdogo anaumwa, mara fedha zimekwama. Sasa mnaijua Desemba ya Kilimanjaro: koo zinarudi nyumbani, magari yanapanda Kibosho, Marangu na Rombo, mbege inapikwa, mbuzi wanachinjwa. Ndio mwezi ambao siri ya mjini haina pa kujificha, kwa kuwa kila mtu yupo na kila mtu anauliza huyu ni wa nani. Shangazi yake Fredi anafika Memorial kuchagua gauni la mtoto wa miaka miwili, na wakati wa kupatana bei anamtaja baba wa mtoto.

Hapo kilichovunjika si mapenzi peke yake. Manka alizisikia zile sababu zote na akazikubali, kwa hiyo sasa haamini masikio yake mwenyewe. Kidonda chake ndicho hicho, na kila tukio litakalofuata liguse hapo. Mhusika wako akiwa alidhulumiwa fedha, basi imani yake irudi kupitia fedha.

Hatua ya pili: anza Januari

Wageni wameondoka, ada za shule zinadaiwa, biashara imepoa. Machozi ya Desemba yataje kwa mistari michache tu.

Hatua ya tatu: mwachie kitu anachokiamini bado

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Mtu asiyeamini chochote hachezi, hasogei, na riwaya inalala. Manka yumo kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lao lina makufuli matatu, funguo wanashika watu watatu, na halifunguliwi mpaka wote wawepo na hesabu isomwe kwa sauti. Yeye ni mmoja wa washika funguo. Andika kikao kizima: hisa zinahesabiwa, mama mmoja anaomba mkopo, mwingine anauliza maswali bila aibu na hakuna anayekasirika. Manka anaamini pale kwa sababu kuuliza kunaruhusiwa. Kwa Fredi kuuliza kulikuwa ugomvi. Ukishaandika hivyo, msomaji anajua mwanaume ajaye anatakiwa aweje, na hujamwambia.

Hatua ya nne: mwanaume mpya ajulikane kwa mambo yanayoweza kukaguliwa

Elibariki anaendesha kirikuu, gari dogo la mizigo, anabeba mabelo ya mitumba kutoka stoo hadi sokoni. Akisema saa moja asubuhi, saa moja yupo. Siku akichelewa anapiga simu kabla ya saa, si baada. Usimsifie, msomaji anahesabu mwenyewe.

Kisha mkoseshe. Masika, mwezi wa nne, belo la Manka linafika limelowa. Angeweza kusema lilitoka stoo hivyo, wala hakuna ambaye angejua. Anasema: "Sikufunga turubai vizuri. Nitalilipa." Sentensi hizo mbili zina mapenzi kuliko kurasa za maua. Manka asimkumbatie. Aende kuuliza stoo kama ni kweli, kwa sababu ndivyo mtu aliyedanganywa anavyofanya, na Elibariki akijua asinune.

Hatua ya tano: mrudishe aliyeumiza

Ukoo wa Fredi unakuja na isale, jani la Wachagga la kuombea msamaha. Tukio hili lipe nafasi ya kutosha, wazee waongee kwa zamu.

Na tafadhali, Mlima Kilimanjaro usitokee kila wanaposhikana mikono. Wenyeji wanautazama asubuhi mapema kabla mawingu hayajaufunika, kisha wanaendelea na kazi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Rombo. Kwetu ukiletewa isale ni vigumu sana kukataa. Manka si atakuwa amelazimishwa?*

Marahaba. Ndiyo, na ugumu huo ndio utajiri wako. Anasamehe mbele ya wazee, kwa dhati, na uadui unakwisha. Usiku huo huo Elibariki anamwambia jambo dogo naye anajikuta bado ana shaka. Kusamehe kulihitaji siku moja na jani moja. Kuamini hakuna jani lake. Ziwe sura mbili tofauti.

*Dada, naweza kuihamishia Arusha? Ninaishi Sakina.*

Unaweza, lakini badilisha kazi, si majina ya mitaa tu. Mpe mwanaume kazi ya kuongoza watalii: yuko Serengeti siku kadhaa, sehemu nyingine hakuna mtandao, simu haipatikani. Kwa mwanamke aliyedanganywa, ule ukimya ni mateso. Halafu masika yanakuja, wageni wanapungua, mwanaume yuko nyumbani kila siku bila fedha. Andika na hilo, maana wengi wanaishia kwenye safari.

*Lazima iishe na harusi?*

Si lazima. Msomaji wa riwaya ya mapenzi anataka wawe pamoja mwishoni, na hiyo ni haki yake, msimnyime. Lakini mwisho wa kweli ni tendo ambalo Manka wa Januari asingeliweza. Mimi ningemfanya amwachie Elibariki kibanda siku ya kufungua belo jipya, siku yenye fedha nyingi, aende kliniki na mama yake KCMC, na asipige simu kuuliza mauzo. Andikeni sura hiyo kwanza, hata kabla ya ile ya Desemba, mniletee niisome.