Kumwalika Mwenyekiti wa Halmashauri awe mgeni rasmi: kuanzia barua hadi ufuatiliaji wa ahadi

Wananchi wamejenga boma la zahanati mpaka kwenye lenta, au kikundi kinatimiza miaka mitano, na kikao kimepitisha kwamba mgeni rasmi awe Mwenyekiti wa Halmashauri. Watu wamepiga makofi, wamekwenda zao, na wewe katibu umebaki na daftari. Mwongozo huu ni wako. Nimekuwa katibu wa kamati ya ujenzi na wa kikundi cha kuweka na kukopa, na makosa mengi ninayoyataja humu niliyafanya kwa mkono wangu.

Kwanza, ni mwenyekiti yupi?

Swali linaonekana la kitoto, lakini Tanzania Bara tuna wenyeviti wengi. Wa kitongoji, wa kijiji na wa mtaa wanachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake katika mkutano wa kwanza wa baraza, na hukaa kwa muhula wa miaka mitano, ilhali makamu wake huchaguliwa kila mwaka. Halmashauri ya mji nayo ina mwenyekiti. Mkiwa kwenye manispaa au jiji, mnayemtafuta ni Meya, kwa hiyo badilisha cheo kwenye barua kabla masijala, ofisi inayopokea barua, hawajakucheka.

Wala usimchanganye na Mkurugenzi Mtendaji au Mkuu wa Wilaya. Hao wawili wanateuliwa na Rais. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na katibu wa baraza. Mwenyekiti anaongoza vikao vya baraza pamoja na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ile inayokaa kila mwezi. Uzito wake uko hapo. Hasaini hundi, lakini fedha za kumalizia boma lenu haziwezi kupita bila kujadiliwa katika vikao anavyoviongoza.

Jiulizeni basi: shida yetu iko mezani kwake? Zahanati, shule, soko, stendi, ushuru wa mnada, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hayo yote ni ya halmashauri. Barabara za vijijini na mijini ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, tangu 2017. Maji vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Umeme ni TANESCO. Nimewahi kukaa juani nikisikiliza risala ya kurasa nne, tatu kati yake zikililia barabara. Mgeni alisimama akasema amepokea na atafikisha kwa wahusika, watu wakapiga vigelegele, na hapo ndipo ilipoishia. Kama kilio chenu ni maji, mwalikeni yeye kwa heshima, ila na meneja wa RUWASA wa wilaya apate barua yake.

Kuna njia nyingine ambayo vikundi vingi havijui. Kamati ya Fedha hufanya ziara za kukagua miradi kila robo mwaka. Ikiwa mnachotaka ni mradi wenu uonekane, mwombeni diwani wenu awaingize kwenye ratiba ya ziara hiyo. Hamtahitaji turubai, spika wala pilau, na atakuja na wajumbe wenzake pamoja na wataalamu.

Tarehe kabla ya barua

Usiandike barua kabla hujapiga simu. Zungumza na katibu muhtasi wa Mkurugenzi, au wa Mwenyekiti mwenyewe kama ana ofisi, uulize siku zipi zina vikao. Baraza la kawaida hukaa kila robo ya mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1 na kuishia Juni 30, na wiki za kamati zinazotangulia baraza hazina nafasi hata ya dakika kumi. Epuka siku Mwenge wa Uhuru unapopita wilayani kwenu. Epuka pia siku kubwa kama Mei Mosi na Nane Nane, maana anatakiwa kwingine. Kumbuka vilevile kwamba mwaka wa uchaguzi mkuu mabaraza huvunjwa kabla ya kampeni, na kipindi hicho hakuna mwenyekiti wa kumwalika. Nimeona kikundi kimechapisha kadi zenye jina la mtu ambaye wiki hiyo alikuwa anatafuta kura kama mgombea mwingine yeyote.

Pendekezeni tarehe mbili, ikiwezekana mwezi mzima kabla.

Barua

Anayealikwa ni Mwenyekiti, lakini barua inapita kwa Mkurugenzi, na kabla ya hapo inapita kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa na wa Kata. Wengine huona huu ni mzunguko. Faida yake ni kwamba kila ofisi ikiweka saini na muhuri inathibitisha kuwa inawafahamu, na barua isiyo na mihuri hiyo hurudishwa ukaanze upya. Mfano wa kiini chake ni huu:

Mwenyekiti wa Halmashauri,
Halmashauri ya Wilaya ya ______,
S.L.P. ______.

Kupitia: Mkurugenzi Mtendaji
Kupitia: Afisa Mtendaji wa Kata ya ______
Kupitia: Afisa Mtendaji wa Kijiji cha ______

YAH: MWALIKO WA KUWA MGENI RASMI KATIKA MAKABIDHIANO YA BOMA LA ZAHANATI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati ya ujenzi inakuomba uwe mgeni rasmi siku ya Jumamosi, tarehe ______, kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 6:30 mchana, katika eneo la zahanati, kitongoji cha ______. Tunakuomba upokee boma kwa niaba ya Halmashauri, usikilize risala ya wananchi na uzungumze nao. Tunatarajia wananchi wapatao ______. Endapo utakuwa na udhuru siku hiyo, tuko tayari Jumamosi inayofuata. Mawasiliano: Katibu wa Kamati, simu ______.

Angalia saa. Mwaka mmoja niliandika “saa 10:00” nikiwaza saa za kwenye simu, yaani saa nne asubuhi. Mgeni alisoma kama Mswahili yeyote anavyosoma. Alifika saa kumi jioni, amependeza, anatabasamu, akakuta vijana wanakunja turubai. Tangu siku hiyo naandika “asubuhi”, “mchana” au “jioni” kwa maneno, na saa ni za Kiswahili.

Angalia pia sentensi inayosema aje kufanya nini. “Tunakukaribisha sana Mheshimiwa” haimwambii kama anakata utepe, anagawa vyeti au anaongoza harambee. Kama ni harambee, semeni waziwazi. Kumwita mtu kwenye makabidhiano kisha kumgeuzia ndoo ya michango mbele ya umati ni kumtega, na mwakani hatakuja. Madiwani wanalipwa posho, si mishahara minono kama watu wanavyodhani.

Nakala mpelekee diwani wa kata yenu hata kama mmegombana naye. Mwenyekiti atampigia kabla hajawajibu, na swali la kwanza litakuwa, “Hawa watu unawajua?”

Masijala

Peleka barua mwenyewe, mkiwa na nakala mbili. Masijala watagonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, wataingiza kwenye jalada, na nakala yako yenye muhuri utarudi nayo nyumbani. Itunze. Siku mtu akikwambia barua haijaonekana, hiyo karatasi ndiyo itakayozungumza. Uliza namba ya jalada, iandike kwa kalamu pembeni.

Barua ikitoka masijala inakwenda kwa Mkurugenzi, naye huandika maelekezo pembeni, ndipo inamfikia Mwenyekiti. Ipe wiki moja, kisha piga simu ukitaja tarehe ya muhuri na namba ya jalada badala ya kueleza hadithi nzima. Kujuana na dereva au na jirani wa Mwenyekiti kunasaidia kukumbusha, hakuchukui nafasi ya barua. Jibu la mdomo lisiwatoshe pia: ombeni uthibitisho wa maandishi, hata ujumbe mfupi kutoka ofisini, ndipo mchapishe kadi.

Kama shughuli ni mkutano wa hadhara, mpeni taarifa ya maandishi mkuu wa polisi wa wilaya, angalau saa 48 kabla. Mtendaji wa kata atakuelekeza kama shughuli yenu inaingia humo.

Bahasha ya wiki ya mwisho

Siku tano kabla, peleka ofisini bahasha yenye ratiba, risala, orodha ya watakaokaa meza kuu na maelezo ya njia. Mtu anayeisoma risala kabla hutoa majibu. Anayeisikia mara ya kwanza jukwaani hutoa pole.

Risala iwe kurasa mbili. Semeni mmefanya nini kwa takwimu: matofali mangapi, mifuko mingapi ya saruji, shilingi ngapi kutoka kwa wananchi na ngapi kutoka kwa wahisani. Semeni mmekwama wapi. Kisha ombeni kitu kimoja, au viwili kwa taabu. “Tunaomba Halmashauri itenge fedha za kupaua jengo hili katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha” ni ombi analoweza kuondoka nalo hadi kwenye kamati. Orodha ya mambo kumi na mawili, kuanzia gari la wagonjwa mpaka jezi za timu ya kijiji, inampa ruhusa ya kutojibu lolote.

Siku yenyewe

Mgeni kwa kawaida hupitia ofisi ya kijiji au kata kusaini kitabu cha wageni. Hakikisheni kitabu kipo na ofisi iko wazi, kwa sababu Jumamosi Mtendaji naye ana shamba lake. Diwani wa kata ndiye anayefaa kumkaribisha azungumze. Akiwepo Mkuu wa Wilaya au mbunge, msijipangie itifaki kichwani. Muulizeni ofisa aliyetoka ofisi ya Mkurugenzi nani anakaa wapi na nani anaanza. MC akishasema “itifaki imezingatiwa”, mwambieni aizingatie kweli na asirudie majina kila anaposhika kipaza sauti.

Zawadi iwe ndogo na ya wazi, ikabidhiwe mbele ya watu: kitenge, kapu la mboga za shamba la kikundi. Bahasha ya pesa msithubutu.

Kuna kazi moja ambayo watu husahau kumpa mtu. Mteueni mmoja akae mbele na daftari aandike kila ahadi na kila agizo, nani kaambiwa na kwa lini. Sisi tulimpa mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri. Mgeni alipotamka kwamba mhandisi wa Halmashauri aje kupima jengo ndani ya wiki mbili, mzee alinyanyua kalamu akauliza kwa upole, “Tuandike tarehe ngapi, Mheshimiwa?” Watu walicheka, tarehe ikatajwa.

Baada ya vumbi kutulia

Ndani ya wiki moja andika barua ya shukrani, kwa njia ileile, kupitia ofisi zilezile. Aya ya kwanza shukrani. Ya pili iorodheshe ahadi na maagizo kama yalivyo kwenye daftari, na nakala iende kwa Mkurugenzi na diwani. Neno lililosemwa jukwaani halina jalada. Likiingia kwenye barua yenye muhuri wa masijala linapata.

Kisha hakikisheni ombi lenu limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji na kupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, mapema kabla bajeti haijaanza kupangwa. Ahadi ya Mwenyekiti isiyopita huko inategemea kumbukumbu yake tu, naye kila Jumamosi ana risala nyingine. Boma letu lilipauliwa mwaka wa pili, si wa kwanza, kwa sababu muhtasari wa kwanza tuliuacha kwenye droo ya Mtendaji.