Kufuatilia chanjo ya mRNA ya saratani ndani ya panya: imefika wapi, imekaa muda gani

Kabla hujauliza kama chanjo inasinyaza uvimbe, jua kwanza ilikokwenda. Tunataka ifike kwenye tezi za limfu na wengu, seli T, askari wa kinga ya mwili, zinakofundwa. Lakini vitufe vya lipidi (mafuta) vinavyobeba mRNA, maelekezo ya kutengeneza protini, havitulii pajani ulipodunga; vingine huingia damuni, hunasa protini ya ApoE, na ini huvidaka.

Hatua ya 1. Kibali cha maadili kikishatoka, tengeneza mRNA ya lusiferasi, kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake, uifungashe kwa lipidi zilezile za chanjo yako na kwa uwiano uleule. Ukibadili lipidi, umebadili safari.

Hatua ya 2. Nyoa panya, tumbo pia. C57BL/6, aina ya panya wa maabara tunaowapandikizia seli za B16 za melanoma (saratani ya ngozi), ni weusi, na manyoya meusi humeza mwanga. Niliwahi kunyoa paja tu, nikaandika kwamba ini halina kitu. Nilipompasua panya yule, ini liliwaka kwenye sahani. Ilibidi nirudie jaribio zima, na wanyama wale walikufa bure, bado linaniuma.

Hatua ya 3. Dunga mikrolita 50 kwa paja, usizidishe, maana msuli wa panya ni mdogo na dawa itavuja. Kundi jingine lipewe maji ya chumvi.

Hatua ya 4. Baada ya saa 6, dunga D-lusiferini, kemikali ambayo lusiferasi huichoma kutoa mwanga, tumboni, miligramu 150 kwa kilo, ngoja dakika 10, piga picha. Rudia saa ya 24, 48 na 72, uendelee mpaka mwanga uzimike.

Hatua ya 5. Hapa usiharakishe. Mwanga unaonyesha protini ilikotengenezwa, hauonyeshi mRNA yote ilikofika. Kwa hiyo kila muda uwe na panya wake wa kupasuliwa. Toa ubongo, ini, wengu, ovari au korodani, na tezi za kinena. Paja liwe la mwisho, kwa mkasi wake, kwa sababu PCR, kipimo kinachonakili vinasaba mara nyingi ili vihesabike, hunasa hata uchafu kidogo sana. Tezi ni kama punje ya mtama iliyofukiwa kwenye mafuta: tumbukiza kipande kwenye bafa (maji ya chumvi yenye tindikali thabiti) baridi, mafuta yataelea, tezi itazama. Gandisha papo hapo kwa nitrojeni kimiminika, kisha pima mRNA kwa PCR.

Hatua ya 6. Rudia kwa mRNA ya antijeni yenyewe, protini ya saratani ambayo chanjo inaifundisha kinga kuitambua, safari hii kwa panya wenye uvimbe, na uvimbe nao uupime kama kiungo kingine.