Jinsi ya Kutangaza Neema Yako Mtandaoni Bila Kuchokoza Husuda

Mtu aliyenunua gari, aliyemaliza kujenga au aliyerudi kutoka matembezi ya Dubai hana kosa akitaka watu wamfurahie, na mwongozo huu haumtaki afiche kila kitu. Unamtaka azingatie jambo ambalo wengi hulipuuza: kinachoamua kama picha italeta pongezi au chuki si bei ya kitu kilichopigwa picha, bali ni nani anaiona, anaiona lini, na anakudai nini.

Anza kwa kuwatambua watazamaji wako. Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu hupenda kujipima na wale wanaokaribiana naye kuliko na wale walio mbali naye kabisa. Ndiyo maana mkazi wa Mbagala anaweza kutazama kasri la bilionea wa ng'ambo bila kuumia hata kidogo, lakini akakosa usingizi kwa sababu ya vigae vipya vya mtu aliyesoma naye kidato cha nne. Kwa hiyo, kabla ya kubandika picha, usiwafikirie watu kwa jumla. Mfikirie binamu mliyelelewa naye nyumba moja, mfanyakazi mwenzako mnayelipwa mshahara wa daraja lile lile, na rafiki ambaye duka lake limefungwa juzi. Hao ndio watakaoitazama picha mara mbili.

Kisha wafikirie wanaokudai na waliokuchangia, na hapa ningeomba msomaji atulie. Mtu ambaye hajapeleka marejesho ya VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, au aliyekopeshwa na shemeji yake kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, akionyesha sahani ya kamba kwenye hoteli ya ufukweni, mdai wake haoni chakula pale; anaona fedha yake. Hali ni hiyo hiyo kwa harusi zetu, ambazo huendeshwa kwa kamati, kadi na ahadi. Wapo waliokopa ili watimize mchango wao, na maharusi wanapojaza picha za fungate kabla ya kutoa neno la shukrani, manung'uniko yatakayosikika hayatokani na uchawi wala roho mbaya. Si kila anayenuna ni hasidi. Lipa kwanza unachodaiwa, hata kama ni sehemu tu na maelezo ya lini utamaliza. Washukuru waliokuchangia katika kundi lao, na umpigie simu yule aliyetoa kikubwa kuliko uwezo wake. Ndipo uweke picha.

Baada ya hapo, punguza macho. Katika mipangilio ya faragha ya WhatsApp, stetasi ina njia tatu: kuonyeshwa kwa kila uliyehifadhi namba yake, kuonyeshwa kwa wote isipokuwa uliowaondoa, au kuonyeshwa kwa wale tu uliowateua. Wengi huchagua njia ya pili kwa kuwa ni nyepesi, lakini ina tundu, kwa sababu kila namba utakayoihifadhi kesho, iwe ya fundi, ya dalali au ya mpangaji mpya, itaingia yenyewe miongoni mwa watazamaji. Teua watu wako mara moja na utumie orodha hiyo kwa mambo ya nyumbani. Instagram nayo, tangu mwaka 2018, ina orodha ya marafiki wa karibu inayofanya kazi hiyo hiyo. Hata hivyo usijidanganye: hakuna orodha inayomzuia mtu aliyeiona picha kuisambaza.

Maneno yanayoandamana na picha yanahitaji uangalifu kuliko picha yenyewe. Kwenye khanga na kwenye taarabu, fumbo lilikuwa na mlengwa wake, naye alijijua. Mtandaoni, ukiandika kwamba wenye chuki wajinyonge, kila aliyewahi kutofautiana nawe ataamini ni yeye unayemsema, na waliokuwa wakikufurahia watajiuliza wamekosa nini. Taja kilichofanyika, taja waliokusaidia, na acha bei. Mtu akiandika kwamba nyumba imechukua miaka sita na kwamba msingi ulisimama misimu miwili kwa kukosa saruji, wasomaji wake huiona safari, na huwa vigumu kuchukia safari.

Wapo pia watazamaji wasiokuhusudu ila wana kazi na wewe. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 2016, majambazi waliovaa kama polisi walimvamia Kim Kardashian, nyota wa runinga wa Marekani, mjini Paris na kuondoka na vito vyake, ikiwemo pete ya thamani ya dola milioni nne hivi ambayo alikuwa ameionyesha mtandaoni siku chache kabla. Mei 2025 mahakama iliwatia hatiani watu wanane. Kwa kipimo chetu wizi huwa wa runinga na mitungi ya gesi, lakini funzo halibadiliki: picha za safari ziwekwe baada ya kurudi, na jina la hoteli litajwe ukiwa umeshaondoka. Kabla ya kubandika, kagua namba ya gari, geti la nyumba, sare ya shule ya mtoto na pasi ya kupandia ndege, ambayo huwa na taarifa zinazoweza kumwezesha mtu kufungua tiketi yako.

Watoza kodi nao wana simu. Novemba 2021 Githii Mburu, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, alieleza hadharani kwamba mamlaka hiyo hutazama mitandao ya kijamii na kuwatafuta wanaoonyesha maisha ya kifahari yasiyolingana na kodi wanayolipa. Ambaye hesabu zake ziko sawa hana cha kuogopa. Ambaye haziko sawa ana tatizo ambalo faragha ya WhatsApp haitalitibu, na mfano wake ni Ramon Abbas, tapeli wa mtandaoni kutoka Nigeria aliyejiita Hushpuppi: kurasa zake zilizojaa magari na ndege zilikuwa miongoni mwa vielelezo vilivyotumiwa na wapelelezi wa FBI, na Novemba 2022 alihukumiwa Marekani kifungo cha zaidi ya miaka 11.

Na wewe unayetazama na kuchomwa moyo, mnyamazishe anayekusumbua bila kumfuta, hatajua. Kumbuka pia kwamba mwaka 2020 ilibainika kuwa studio moja ya Los Angeles ilikuwa ikikodisha kwa saa seti iliyojengwa kama ndani ya ndege binafsi, kwa ajili ya picha.

Mwishowe, wapo ambao kujionyesha ndiyo kazi yao: wauza nguo, madalali wa viwanja, wapambaji na washereheshaji. Hao wafungue ukurasa wa biashara wenye namba yake na jina lake, waweke humo kila kinachong'aa pamoja na bei, kwa kuwa mteja anataka kuijua, na ukurasa wao binafsi waubakize kwa misiba, watoto na salamu za Idi na Krismasi. Namba ya biashara isihifadhi jina la ndugu hata mmoja.