Kabla hujamwaga mrututu bwawani, weka chupa nne dirishani

Bwawa langu la perege liko bondeni huku Mufindi, chini kidogo ya vinyungu, bustani zetu za bondeni, nalo ni mita 10 kwa 20. Mwaka juzi mwezi wa kumi, jua la kabla ya mvua likiwa kali, maji yaligeuka kijani kizito kama rangi ya kupaka mlango. Jirani akanishauri mrututu, ile dawa ya buluu ya shaba tunayonyunyizia nyanya. Nikamwaga. Kesho yake maji yakaanza kung'aa nikafurahi. Alfajiri ya siku ya tatu perege walikuwa juu, midomo wazi, wanatweta, na kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimeokota ndoo tatu za mizoga.

Ukoga, yaani ule ukijani wa maji, ukifa wote kwa mkupuo, bakteria wanaushukia kuuozesha, na katika kazi hiyo wanamaliza oksijeni ya bwawa zima. Na ukiwa ule wenye sumu, sumu iliyokuwa imefungwa ndani yake inamwagika majini. Kwa hiyo usiue kitu usichokijua.

Anza na chupa moja angavu. Chota maji, funga, iache usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi kijani kikiwa kimezama, yaelekea ni mwani wa kawaida, chakula cha perege, mshukuru Mungu. Kikiwa kimepanda juu na kutanda utando, shuku sianobakteria. Hao tunawaita mwani kwa mazoea tu, wenyewe ni bakteria, na wengi wao wana vifuko vya hewa vya kuwaelesha. Baadhi hutengeneza microsistini, sumu inayoshambulia ini. Kuchemsha hakuiondoi: Agosti 2014 wakazi karibu 500,000 wa Toledo, Marekani, walikatazwa maji ya bomba kwa ajili yake, na wakaambiwa wasijaribu hata kuyachemsha. Chupa haiwezi kukuambia kama sumu ipo, hiyo ni kazi ya maabara. Mimi nikiona utando sisubiri: ng'ombe na mbwa hawanywi, watoto hawaogi, na samaki wa mboga havuliwi mpaka uishe.

Sasa zile nne, za kujua kijani kinalishwa na nini. Chukua chupa za maji za lita moja na nusu, jaza maji ya bwawa yaliyochujwa kwa kitambaa ili kupunguza ukoga. Ya kwanza usiitie kitu. Ya pili tia punje mbili za urea, punje, si kijiko. Ya tatu punje mbili za mbolea ya DAP. Ya nne tia kijiko cha tope la chini ya bwawa. Ziandike, zipange dirishani penye jua, vifuniko vilegee. Baada ya siku kumi kwangu ya kwanza ilikuwa na kijani hafifu, ya urea hivyo hivyo, ya DAP imekolea. Urea ni naitrojeni tupu, DAP ina naitrojeni na fosforasi, kwa hiyo kilichokuwa kinangojewa ni fosforasi. Wakanada walilionyesha hilo kwa ziwa zima mwaka 1973: Ziwa 226 waligawa kwa pazia, upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, wa pili hivyo pamoja na fosforasi. Wa pili ndio uliojaa kijani.

Lakini iliyoninyima usingizi ni ya nne. Ilikuwa kijani karibu sawa na ya DAP, na sikuitia mbolea yoyote!

Anayelima udongo wetu mwekundu anajua unavyong'ang'ania fosforasi. Unaweka mbolea, mahindi yanapata kidogo, chuma cha udongo kinashika iliyobaki. Mvua inauteremsha udongo huo bwawani. Humo pumba zilizobaki na kinyesi vinaoza, bakteria wanamaliza oksijeni ya chini, na chuma kikikosa oksijeni kinaachia kile kilichokuwa kimeshika. Ndiyo maana unaweza kuacha mbolea mwaka huu na bwawa likachachamaa vile vile. Unalipia mifuko ya mwaka jana.

Baharini hesabu inageuka kidogo, kwani mara nyingi kinachopungua kwanza ni naitrojeni. Huko nako bakteria si waozeshaji tu: mwani mwingi hauwezi kujitengenezea vitamini B12, unaipata kwa bakteria, nao bakteria wanakula sukari inayovuja kwenye mwani. Jirani kwa jirani, kama sisi na wenye ulanzi.

Kwa bwawa lenye utando, acha mbolea ya kuku na pumba siku hiyo hiyo. Opoa utando kwa chandarua upande upepo unakousukumia, ukiwa na mabuti na glavu, ukaufukie mbali na maji. Ingiza maji mapya alfajiri, yaanguke kutoka juu ya bomba yapige kelele, maana saa hiyo ndiyo oksijeni iko chini kabisa. Mfereji wa kutoka vinyungu nimeuzungusha nje ya bwawa na kupanda mabingobingo kingoni.

Kupima kijani natumia kifuniko cha kopo la rangi, robo nyeusi robo nyeupe, kimepigiliwa kwenye fimbo yenye alama. Kikipotea machoni kati ya sentimita 25 na 40, sawa. Kabla ya 20, hakuna mbolea wala pumba.

Tope lenyewe linatoka baada ya kuvuna tu. Toa maji yote, liache likauke mpaka lipasuke, kwangu ilichukua wiki tatu za Agosti, kisha lichimbe na kulipandisha kinyunguni. Juu ya sakafu iliyobaki nyunyiza chokaa ya kilimo, kwani udongo wetu ni mchachu, ndipo ujaze tena. Mume wangu alinicheka nikipandisha kichwani matope ambayo mvua ndiyo iliyoyashusha. Maharage ya kinyungu kile yalipokomaa alikuja na kikapu chake mwenyewe.