Kabla hujajaza uhandisi UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), piga hesabu hii

Ukiwa na matokeo ya kidato cha sita ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) mkononi, usiishie kwenye "vigezo ninavyo". Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni pointi 4 kutoka masomo mawili, na A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Sasa tazama: mwenye C ya Hisabati na D ya Fizikia ana 5. Vigezo anavyo kabisa, lakini kwenye uhandisi wa umeme anapangwa foleni moja na wenye A na B, na chuo kinachukua kuanzia juu.

Fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu, tafuta kozi yenyewe, kisha usome safu ya idadi ya nafasi. Watu wengi huiruka, sijui kwa nini, wakati ndiyo inayokuambia mlango una upana gani. Halafu waulize walioingia mwaka jana walikuwa na pointi ngapi. Hao wanakumbuka hadi alama ya Kemia.

Mpwa wangu alikuwa na 5 hizo hizo, akajaza kozi tatu zote za moto. Awamu ya kwanza ya maombi akatoka kapa. Awamu ya pili akaweka moja ya ndoto, mbili za saizi yake, na chuo kingine cha mkoani pembeni. Vyuo viwili vikamchukua, ikabidi athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu.